Natembea Tu

Nimeinunua kwa Dadi Nachinjita aliyehamia kwenye bajaji:
laki sita, nne taslimu,
mbili nikazimaliza kwa cherehani, sare za harusi ya dada yake.
Boksa ya cc mia. Miaka saba imezunguka
Ligula, Chikongola, Magomeni, sokoni, Ligula,
ikibeba wajawazito, magodoro, mbuzi mmoja wa sikukuu,
na haijawahi kuuona mji ukiishia.
Siti ilikuwa na mabonde ya watu wengine.
Nikaifumua, nikaishona upya kwa uzi wa mabegi ya shule.

Jumapili, mwezi wa saba, kabla ya jua,
nikapiga kiki mara tano.
Ya sita ikakohoa, ikakubali.

Naliendele nikajaza upepo. Kijana wa pampu akauliza:
Unakwenda msibani?
Hapana.
Kuna mgonjwa?
Hapana. Natembea tu.
Akalitazama tairi la nyuma, akanitazama mimi,
akaongeza upepo na pesa akakataa,
kama anayemsaidia mtu aliyefiwa
ambaye bado hajaambiwa.

Mnivata lami ikakatika
kama kitambaa kilichopimwa na fundi mwenye haraka.
Kuanzia hapo ni mchanga mwekundu, gia ya pili,
ya kwanza, miguu chini kama bata.
Mshale wa spidi ulikufa zamani;
mwendo naukisia kwa kanga inavyonipiga shingoni,
na kwa muda mrefu haikunipiga.
Mikorosho imepuliziwa sulfa: unjano majani,
unjano kwenye ulimi wangu.
Lori la kokoto likanipita, likanizika.
Nilipojifukua nilikuwa na rangi ya barabara.

Nilianguka mara mbili.
Ya kwanza hakuna aliyeiona, siihesabu.
Ya pili ni mbele ya wanawake watatu wenye ndoo kichwani.
Walicheka, wakatua ndoo,
wakainyanyua pikipiki, wakacheka tena.
Mmoja, Somoe, akaninawisha uso kwa maji yake,
huko juu uwandani ambako ndoo ina bei
na bei hiyo naijua.
Nikafungua pochi. Akaufunga mkono wangu.
"Nilipe kwa kusema ukweli," akasema. "Nani kafa?"

Tandahimba petroli ya chupa.
Mbele kidogo ya Mahuta, pancha.
Kiraka nilikikata kwa mkasi wangu wa vitambaa,
gundi nikapewa na mtoto wa miaka kumi
aliyesimamia kazi mikono nyuma, kama mwenye gereji,
akanikosoa mara tatu, na mara zote alikuwa sahihi.

Saa tisa na robo, Newala,
pale nchi inapokatwa ghafla ikaanguka.
Chini, mbali, Ruvuma:
uzi uliodondoka sakafuni, ambao hujui ni wa nguo gani.
Ng'ambo ni Msumbiji na vichaka ni vilevile.
Nilitaka nipate wazo kubwa.
Sikulipata. Makalio yaliniuma.
Injini ilikuwa inapoa, tik, tik,
tik,
na mimi nikakaa kando yake chini
kama watu wawili waliobeba kabati ghorofani
wakakuta mlango umefungwa, na hawajali.

Nikampigia mama, Mikindani.
"Uko wapi? Mbona upepo?"
Newala.
Nikasikia sufuria ikiwekwa chini.
"Nani?" akasema. Si nani kafa. Nani, basi,
kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujifunga kanga ya pili.
Hakuna, mama. Wote wazima. Nimekuja kwa pikipiki.
"Kufanya nini?"
Nikatafuta jibu bondeni, likawa refu mno kwa salio langu.
Natembea tu.

Kimya kirefu. Nikadhani mtandao umekata.

"Basi njoo na ming'oko," akasema mama.
"Mingi. Majirani nitawaambia
uliifuata."